Kitabu cha Mashairi ya Mavuno: Kitunge, Kichore na Kishone Pamoja na Watoto

Kazi ya mavuno ina mdundo wake. Mchi hupanda na kushuka, ungo hurushwa na kudakwa, fimbo za wapuraji hupokezana juu ya masuke. Mtoto anayekulia karibu na kinu huujua mdundo huo kabla hajaijua herufi hata moja. Ndiyo maana msimu wa mavuno unafaa kuliko misimu yote kumwingiza mtoto kwenye ushairi: nusu ya kazi ya mshairi imekwisha kufanywa na watwangaji.

Vitabu vya hadithi za watoto kwa Kiswahili si haba. Vya mashairi yenye picha ni vichache zaidi, na kinachozungumzia zao la kwenu, kwa maneno ya kwenu, ni nadra kukipata dukani. Mwongozo huu unakuonyesha wewe mwalimu, mzazi au mkutubi jinsi ya kukitengeneza. Mwisho wa kazi utakuwa na kitabu cha kurasa 16, chenye mashairi saba na michoro ya watoto wenyewe. Unahitaji karatasi za A4, penseli, kalamu nyeusi, manila ya jalada, sindano, uzi na duka la steshenari lenye mashine ya fotokopi. Tenga wiki nne: ya kwanza kukusanya maneno, ya pili kutunga, ya tatu kuchora, ya nne kunakili na kushona.

Chagua zao moja, ufuate kalenda yake

Usijaze kitabu mahindi, maembe, samaki na karafuu kwa pamoja. Kitabu cha zao moja humwezesha mtoto kufuata kazi tangu shambani hadi sahanini, na mfuatano huo ndio utakaoyashikanisha mashairi.

Anza kazi wakati zao linavunwa, si miezi mitatu baadaye watoto wakiwa wanakumbuka kwa kubahatisha. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, penye msimu mmoja wa mvua, mahindi huvunwa zaidi kati ya Juni na Agosti. Penye mvua za vuli na masika, kama Tanga na Kilimanjaro, familia inaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mpunga wa Kyela na wa bonde la Kilombero hukatwa kuanzia Mei. Korosho za Mtwara na Lindi huanza kuokotwa kwa wingi mwezi Oktoba, na ndio wakati ambao wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya wanaingia kwenye mahindi yao.

Mwalimu wa Tanzania aangalie pia likizo ya Juni. Shule zikifungwa mavuno yakiwa yamepamba moto, wape watoto daftari waende nalo nyumbani wakakusanye maneno, kisha kazi ya kutunga ifanyike darasani wakirudi.

Kusanya maneno kabla ya kutunga ubeti wowote

Shairi la mavuno hudhoofu mapema pale mtunzi anapokuwa na neno moja tu, "kuvuna". Kazi yenyewe ina majina mengi, na kila jina ni picha. Waelekeze watoto wamuulize bibi, babu, mama au jirani: mnaanza na nini, kisha nini, na kifaa hiki kinaitwaje? Hii ni mifano ya kuanzia:

- Mahindi: kuvuna, kumenya, kuanika, kupukuchua, kupepeta, kufungasha. Vitu vyake ni bua, ganda, ndevu, gunzi, turubai, gunia na kihenge.
- Mpunga: kuamia ndege, kukata, kupura, kuanika, kutwanga, kupepeta. Vitu vyake ni dungu, teo, suke, mundu, kinu, mchi, ungo, pumba na chenga.
- Karafuu: kuchuma, kuchambua, kuanika, kuanua. Vitu vyake ni matumba, makonyo, pakacha na jamvi.
- Korosho: kuokota, kutenganisha na bibo, kuanika, kufungasha.

Kijiji chenu kikiwa na neno lake, lichukueni hilo. Mtoto wa kijiji kingine atalielewa kwa picha, na ukurasa wa 15 wa kitabu utakuwa wa maneno.

Baada ya majina, kusanya hisi. Kazi hii inatoa sauti gani? Inanukaje? Nini kinawasha? Mtoto anakatazwa kugusa nini? Nani anacheka na nani amechoka? Majibu yake ndiyo mali ghafi ya ushairi. Mtoto aliyeketi juu ya dungu tangu alfajiri akiwafukuza kwelea ana mengi ya kusema kuliko shairi la kusifu kilimo kwa ujumla. Anajua baridi ya umande, njaa ya saa nne, na ndege wanavyohamia upande wa pili punde tu anapogeuka.

Ukipata wimbo wa kazi kwa mzee, usiuchukue kama kitu kisicho na mwenyewe. Mwombe ruhusa, na akikubali, taja kitabuni aliyewaimbia.

Tunga kwa makofi, andika baadaye

Watoto wasianze na karatasi. Wakae duara, mmoja aigize kazi, ama kutwanga ama kupepeta ama kupukuchua, na wengine wapige makofi kufuata mikono yake. Mdundo ukishatulia, watafute maneno ya kuuingia. Mstari wa mizani 8 unawatosha: unaingia katika pumzi moja ya mtoto na umezoeleka masikioni, kwa kuwa ndio urefu wa kipande cha utenzi na wa nusu ya mshororo wa shairi la mizani 16.

Huu ni mfano wa shairi la kupukuchua mahindi:

Pukuchua, pukuchua,
Hindi moja nachukua,
Punje kapuni zalia,
Gunzi jikoni latua.

Hesabu: pu-ku-chu-a-pu-ku-chu-a, nane. Mstari wa mwisho haukuwekwa kwa ajili ya kina peke yake. Magunzi makavu hutumika kuwashia moto, kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba hapa hakuna kinachotupwa.

Katika kuhesabu, wafundishe watoto kusikiliza silabi badala ya kuhesabu herufi. Neno "mtoto" lina mizani tatu, m-to-to, na "mchele" lina tatu vilevile. Lakini "mbegu", "ndege" na "ng'ombe" yana mbili mbili. Makofi yataamua ubishi wowote.

Ukitaka muundo wa utenzi, fanya mistari mitatu ya kwanza iwe na kina kimoja, na wa nne uwe na kina chake, ambacho kitarudi mwishoni mwa kila ubeti:

Ungo juu, ungo chini,
Pumba zaruka hewani,
Punje zabaki ungoni,
Kuku wapiga kelele.

Bibi apepeta tena,
Vumbi lapaa twaona,
Nasi twafurahi sana,
Jikoni uje mchele!

Pima urefu kwa umri. Wa miaka 4 hadi 6 wanatosheka na ubeti mmoja au beti mbili, zenye maneno yanayojirudia. Wa miaka 7 hadi 9 wanaweza beti tatu zenye kibwagizo ambacho darasa zima litakiitikia. Wa miaka 10 na kuendelea wajaribu tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya mizani 16, yenye vina vya kati na vya mwisho, au ngonjera.

Ngonjera inafaa sana hapa kwa sababu mavuno yamejaa wagombanaji: mkulima na kwelea, jua na wingu, mwenye mpunga na mwenye kuku. Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi wa Dodoma, aliieneza ngonjera mashuleni na majukwaani kama majibizano ya kufundisha siasa za wakati wake. Ninyi mwaweza kuigeuza iwe mchezo wa panya na kihenge:

PANYA: Kihenge, nifungulie,
Punje moja nichukue.

KIHENGE: Jana uliomba moja,
Ukala mia pamoja!

Wape watoto beti hizi mbili, wawaachie panya na kihenge waendelee kubishana hadi mmoja ashindwe. Watoto wawili wawili, kila mmoja na upande wake, watamaliza ngonjera nzima kabla ya kengele.

Mwisho wa wiki ya pili, pitia kila shairi kwa jicho la ukali. Futa mstari unaoweza kuhamia kwenye shairi la sikukuu yoyote bila mtu kugundua. "Mavuno yana furaha" ni mstari wa namna hiyo. "Nyasi zawasha shingoni" unabaki shambani, nao pia una mizani nane. Usiogope mstari wenye uchovu au wasiwasi. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema, weka shairi moja la gunia lisilojaa. Watoto wanajua nyumbani kukoje, na kitabu kinachoimba neema pekee watakiona kinawasema watu wengine.

Panga kurasa 16 kabla ya kuchora

Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati kwa pamoja, na utapata kijitabu cha kurasa 16 za ukubwa wa A5. Andika namba za kurasa kwa penseli. Hicho ndicho kitabu cha majaribio, na ndani yake utapanga hivi:

- Ukurasa 1: jina la kitabu na mchoro mdogo.
- Ukurasa 2: majina ya kwanza ya watunzi na wachoraji, zao, na mwaka.
- Ukurasa 3: shairi la kwanza, asubuhi ya kwenda shambani.
- Kurasa 4–5: shairi la kuvuna.
- Kurasa 6–7: shairi la kupura au kupukuchua.
- Kurasa 8–9: mchoro mmoja mkubwa na ubeti mmoja tu.
- Kurasa 10–11: ngonjera, kila mgomvi na ukurasa wake.
- Kurasa 12–13: shairi la kupepeta au kuanika.
- Ukurasa 14: shairi la chakula kikiwa mezani au mkekani.
- Ukurasa 15: maneno ya kazi, kila moja na kijipicha.
- Ukurasa 16: mistari minne mitupu ya msomaji kutunga shairi lake.

Mchoro mkubwa umewekwa katikati kwa sababu ya ufundi. Kurasa za 8 na 9 pekee ndizo zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja. Kurasa nyingine zinazotazamana ziko kwenye karatasi tofauti, na mchoro unaovuka mkunjo utakatika na kupishana mkishashona. Huko kwingine, kila ukurasa uwe na mchoro wake unaojitegemea.

Usiligawe shairi mahali ambapo pumzi haijakatika. Mtoto akigeuza ukurasa katikati ya mshororo, mdundo unapotea. Geuza baada ya ubeti, na kama kuna mzaha au jambo la kushtua, liweke ukurasa unaofuata ili mkono unaogeuza uwe na hamu.

Chora kile ambacho shairi halikusema

Shairi likisema kuku wanapiga kelele, mchoro wa kuku wanaopiga kelele hauongezi kitu. Mchoro bora utaonyesha sababu: kifaranga mmoja amezama ndani ya kapu la punje, miguu ikionekana nje. Sasa msomaji ana mambo mawili, shairi la kusikia na siri ya kugundua, na mtoto asiyejua kusoma bado ana kazi yake katika kitabu. Unaweza pia kumweka panya wa ngonjera mahali fulani katika kila ukurasa, akiiba kidogo kidogo, ili wasomaji wadogo wamsake.

Jambo la pili ni ukweli wa mmea. Watoto wa wakulima hucheka haraka wakiona mchoro usiojua shamba. Hakikisha haya:

- Hindi hutoka ubavuni mwa bua, penye kikwapa cha jani. Kileleni kuna ua, si hindi.
- Suke la mpunga uliokomaa huinama. Suke la mtama hukaa juu kabisa ya bua.
- Korosho huning'inia chini ya bibo, haikai ndani yake.
- Karanga hukomaa chini ya ardhi, hivyo mvunaji huung'oa mmea mzima.
- Karafuu huchumwa matumba yakiwa hayajafunguka. Zikianikwa juani hugeuka kuwa za hudhurungi iliyokoza.

Ukiwa na shaka, lete mmea wenyewe mezani. Kuchora kwa kutazama suke halisi kunafundisha zaidi kuliko kunakili mchoro wa kitabuni.

Kwa kuwa nakala nyingi zitakuwa za fotokopi, chora kwa kalamu nyeusi yenye mstari mnene. Penseli hupauka, na rangi ya njano huweza kutoweka kabisa kwenye nakala. Mistari, vitone na nyavunyavu vitatofautisha jamvi, ngozi, nguo na udongo bila rangi. Watoto wataipaka rangi kila nakala kwa mikono, na hakuna nakala itakayofanana na nyingine.

Wanaotafuta mfano wa kujaza ukurasa wawatazame wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi, akamweka mnyama mmoja mkubwa katikati na kuipamba nafasi iliyobaki. Ukurasa wa mtoto unahitaji ujasiri huohuo: kitu kimoja kikubwa, na mapambo yanayokizunguka.

Acha ukingo wa sentimita 1 pande zote, kwa sababu mashine za fotokopi hazifiki ukingoni, na sentimita 1.5 upande wa mkunjo. Maneno yasipite juu ya mchoro wenye mistari mingi. Yape uwanja mweupe. Mkiandika kwa mkono, herufi ndogo zisipungue milimita 5, na mkichapa kwa kompyuta tumieni saizi ya 18 kwenda juu.

Nakili, kunja, shona

Karatasi nne zina pande nane, na kila upande una kurasa mbili. Bandika kurasa zilizokamilika kwa mpangilio huu, kushoto kisha kulia:

- Karatasi ya 1: mbele 16 na 1, nyuma 2 na 15.
- Karatasi ya 2: mbele 14 na 3, nyuma 4 na 13.
- Karatasi ya 3: mbele 12 na 5, nyuma 6 na 11.
- Karatasi ya 4: mbele 10 na 7, nyuma 8 na 9.

Njia ya kujikagua ni rahisi: kila jozi ukiijumlisha hupata 17. Mwambie mhudumu wa fotokopi anakili pande zote mbili, na kwamba karatasi igeuzwe kushoto-kulia, si juu-chini, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Toa nakala moja kwanza, ikunje na uikague yote, kisha ndipo uagize zilizobaki.

Jalada ni kipande cha manila cha ukubwa wa A4 kilichokunjwa. Likunje pamoja na karatasi zote, ulifungue katikati, na utoboe matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: sentimita 5 kutoka juu, 10.5, na sentimita 5 kutoka chini. Chukua uzi wa sentimita 60. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kupitia tundu la juu, pita ndani moja kwa moja hadi tundu la chini na utoke nje, kisha urudi ndani kupitia tundu la kati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili za uzi mrefu, uzifunge fundo juu yake. Kutoboa kufanywe na mtu mzima. Kushona watoto wa miaka 8 wanaweza. Stepla ndefu itafanya kazi hiyo haraka zaidi, ila uzi hauoti kutu.

Ukitaka kununua badala ya kutengeneza

Vipimo ni vilevile. Fungua kitabu dukani, usome shairi moja kwa sauti ya chini. Ulimi ukijikwaa mara tatu, mtoto atajikwaa zaidi. Hesabu mizani ya ubeti mmoja, maana baadhi ya mashairi ya watoto ni tafsiri ambazo maana imefika na mdundo umebaki nyuma. Tazama michoro: je, hindi limekaa mahali pake, na watu wanavaa kama watu unaowajua? Je, mchoro unaongeza jambo, au unarudia maneno? Mwisho, angalia kama kuna shairi hata moja linaloweza kusemwa bila kitabu mkononi.

Usipokuwa na fedha ya kununua, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini hutoa bure vitabu vyenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayoruhusu kunakili. Vingi ni vya hadithi, lakini vitawafaa watoto wako kuona namna mchoro na maneno vinavyogawana ukurasa.

Kisomwe kwa midomo mingi

Kitabu hiki hakisomwi kimya kimya. Mara ya kwanza msomaji mmoja asome huku wengine wakitazama michoro. Mara ya pili waitikie kibwagizo. Mara ya tatu waigize kazi kwa mikono huku wakisema beti kwa kichwa. Babu au bibi asiyesoma apewe nafasi ya kuitikia na kusahihisha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama ungo kweli hurushwa hivyo.

Kwa walio Tanzania, Agosti 8 ni siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na kitabu kilichoanzwa mwanzoni mwa Julai kitakuwa tayari kusomwa siku hiyo. Peleka nakala moja maktaba ya shule, moja kwa kila mtunzi, na moja kwa kila mzee aliyetoa maneno. Karatasi nne za asili zitie kwenye bahasha ngumu, juu yake uandike zao na mwaka. Msimu ujao darasa jipya lichukue zao jingine, na baada ya miaka mitano shule itakuwa na vitabu vitano vya mashairi ambavyo hakuna duka linaloviuza.